Waandishi wa Kitabu Kimoja: Kimya Baada ya Chapa ya Kwanza katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu, ni historia ya waandishi wenye vitabu vingi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na Shaaban Robert, kisha Muhammad Said Abdulla, kisha Euphrase Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi. Kila mmoja wao huletwa mbele yake akiwa na orodha ya kazi zinazoweza kupangwa kwa miaka, kugawanywa katika vipindi na kulinganishwa. Utaratibu huu una manufaa yake, kwani humwezesha mhakiki kuonyesha jinsi mtunzi alivyokua kifani na jinsi mtazamo wake ulivyobadilika. Hata hivyo, una upofu wake pia. Mtunzi aliyeacha kazi moja tu hana pa kuwekwa. Hutajwa katika sentensi moja, aghalabu ndani ya mabano, kisha msomaji akaelekezwa mbele.

Makala haya yanakusudia kuwatazama baadhi ya watunzi hao wa kazi moja, kuanzia karne ya kumi na tisa hadi miaka ya 1970. Hoja yetu ni kuwa upweke wa kitabu si kipimo cha kipaji cha mwandishi. Ni ushahidi wa kihistoria unaotueleza jinsi kazi za Kiswahili zilivyohifadhiwa, zilivyoidhinishwa na zilivyosambazwa katika vipindi mbalimbali. Kwa hivyo, kimya kinachofuata kitabu cha kwanza kinastahili kuhakikiwa sawa na kitabu chenyewe.

Ni haki msomaji ajue kilichonisukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili hapa Kakamega alitaka kuandika tasnifu juu ya Shida, riwaya ya Ndyanao Balisidya. Katika semina ya kutetea pendekezo lake aliambiwa kwamba riwaya moja ya mwandishi asiye na nyingine haiwezi kubeba tasnifu nzima. Akashauriwa achague mwandishi mwenye kazi nyingi. Nilikuwa miongoni mwa walioketi mezani siku hiyo, na sikupinga. Mwanafunzi alibadili mada, akahitimu, na tasnifu yake ni nzuri. Lakini kadiri ninavyolifikiria jambo hilo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tulikosea, na kwamba kosa letu lilikuwa la kinadharia kabla ya kuwa la kiutawala.

Maana ya "kitabu kimoja"

Hapa neno "kitabu kimoja" linatumiwa kwa maana ya utanzu. Mtu anaweza kuwa ameandika makala za kitaaluma, barua na mafunzo ya shuleni, lakini akawa na riwaya moja tu au utendi mmoja tu unaobeba jina lake.

Tatizo hili si la fasihi peke yake. Wapenzi wa muziki wa roki wa Italia, hasa mkondo uitwao progresivu uliostawi katika miaka ya mwanzo ya 1970, wamekuwa na mazoea ya kukusanya kazi za bendi zilizotoa albamu moja kisha zikatoweka. Museo Rosenbach walitoa Zarathustra mwaka 1973, na mwaka huohuo Semiramis wakatoa Dedicato a Frazz. Bendi iitwayo Biglietto per l'Inferno ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1974. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa bendi ya albamu moja, hadi ya pili ilipotolewa mwaka 1992. Albamu hiyo ya pili ilikuwa imekwisha kurekodiwa katika miaka ileile ya 1970, ila kampuni ya Trident iliyokuwa ikiwatolea kazi zao ilianguka kabla ya kuitoa. Ile iliyodhaniwa kuwa tamati ya ubunifu ilikuwa tamati ya kampuni. Funzo hili linatufaa tunaporejea kwenye rafu zetu wenyewe, kwa kuwa mkusanyaji wa sahani za santuri alikwisha kuuliza swali ambalo mhakiki wa Kiswahili hajaliuliza vya kutosha: nani aliyenyamaza, msanii au chombo kilichomtolea sauti?

Muswada na wanaonakili: Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, kiongozi wa Siu aliyepambana na utawala wa Zanzibar, alikuwa amekwisha kufariki. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, naye alifariki yapata mwaka 1860. Utendi huo una beti zaidi ya mia moja, na ndio msingi wa sifa yake yote katika historia ya ushairi wa Kiswahili.

Wahakiki wamebishana sana juu ya maudhui yake. Wapo wanaousoma kama mafunzo ya utiifu wa mke, na wapo wanaosikia ndani yake sauti ya mwanamke anayemfunza mwanamke mwenziwe namna ya kuishi na mamlaka asiyoweza kuyaondoa. Swali la makala haya ni jingine: kwa nini tuna kazi hii moja tu? Yeyote aliyejaribu kutunga utendi anajua kwamba mizani na vina havimtii mtu siku ya kwanza. Mkono uliotunga beti hizo ni mkono uliozoea, na ni vigumu kuamini kwamba haukuwa umetunga chochote kabla ya ugonjwa wa mwisho. Lakini tungo za wanawake wa Lamu, Pate na Siu ziliishi zaidi katika harusi, katika malezi na katika ndimi za wasikilizaji, si karatasini.

Utendi huu uliokoka kwa sababu ulidai kuandikwa. Mshairi anaanza kwa kumwita binti aje na wino na karatasi, na mafunzo yenyewe anayalinganisha na hirizi, yaani kitu cha kuvaliwa na kutunzwa. Kwa hiyo kazi hii ilibeba ndani yake agizo la kunakiliwa kwake. Nakala zikaenea mikononi mwa wanawake wa pwani, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakaitoa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tunapomwita Mwana Kupona mshairi wa utendi mmoja, kwa hakika tunaeleza kile ambacho wanakili na wakusanyaji walichagua kutuachia.

Idhini: James Mbotela

Mwaka huohuo wa 1934 Sheldon Press ya London ilichapisha Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Mwandishi alitoka katika jamii ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa mwaka 1875. Kitabu kinasimulia uvamizi wa vijiji vya bara, safari ya minyororo hadi pwani, kukamatwa kwa majahazi na meli za Waingereza, na maisha mapya katika makazi ya misheni. Sehemu kubwa ya masimulizi hayo ni urithi aliouchukua kwa baba yake.

Uhakiki wa Uhuru wa Watumwa umekwama katika maswali mawili. La kwanza ni iwapo kazi hii ni riwaya, wasifu au historia. La pili ni sifa nyingi anazowapa Waingereza, ambazo zimewafanya wahakiki wengi wa baada ya uhuru wamwone mwandishi kama kipaza sauti cha ukoloni. Maswali yote mawili ni halali. Lakini yanamsoma Mbotela kana kwamba aliandika katika uwanja ulio wazi, akachagua mada hii kati ya mada zote. Hali haikuwa hivyo. Kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya maeneo ya Afrika Mashariki ilisimamia usanifishaji wa lugha na kupitisha vitabu vilivyokusudiwa kwa shule. Wachapishaji wakuu wa vitabu vya Kiswahili walikuwa London, na wengi wao walikuwa na uhusiano na misheni. Masimulizi ya biashara ya utumwa iliyokomeshwa na Mwingereza yaliweza kupita katika mlango huo bila kuinama.

Sasa tujaribu kukifikiria kitabu cha pili. Kimantiki, baada ya kusimulia jinsi wazee walivyokombolewa, mwandishi angeendelea na maisha ya watoto na wajukuu wao chini ya serikali ileile iliyowakomboa: kazi, kodi, ardhi, ubaguzi. Je, kitabu hicho kingepitia mlango gani? Hatudai kwamba Mbotela alikiandika kikakataliwa. Tunachosema ni kwamba mazingira ya uchapishaji ya miaka ya 1930 yalikuwa na nafasi ya kitabu cha kwanza tu katika mfululizo huo. Nafasi ya cha pili haikuwapo, na ukosefu huo wa nafasi ni sehemu ya maana ya kitabu tulicho nacho. Mwisho wake wenye shukrani tele husomeka kwa namna tofauti tukikumbuka kwamba ndio mwisho pekee ulioruhusika.

Lugha na muda: Aniceti Kitereza

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaotuhusu zaidi sisi wa bara. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki hadi seminari ya Rubya, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake kisiwani Ukerewe. Mwezi wa Februari mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe. Inahusu Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana lakini hawana mtoto. Wakwe wanamrudisha binti yao nyumbani, mume anakwenda kumkomboa, tiba inatafutwa, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Katika mwendo huo wa polepole mwandishi anaweka maisha yote ya Wakerewe: kilimo, uvuvi, pombe, adabu ya wakwe, uganga na mazishi.

Padre Almas Simard, mmisionari Mkanada, alimhimiza katika kazi hiyo, lakini muswada haukupata mchapishaji. Lugha yenye wasomaji wachache haikuwa na soko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walikutana na mzee Kitereza huko Ukerewe, na kazi ya kuifasiri riwaya kwa Kiswahili ikapewa msukumo mpya. Aliifasiri mwenyewe akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Tanzania Publishing House ilichapisha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika kwa muswada wa kwanza. Mwandishi alifariki mwaka 1981, akiwa hakuwahi kufurahia kitabu chake kikiwa mikononi mwa wasomaji. Wilhelm Möhlig alitoa tafsiri ya Kijerumani kuanzia mwaka 1991, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenziwe wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002.

Tukitumia kipimo cha wingi, Kitereza ni mwandishi wa riwaya moja. Tukitumia kipimo cha muda, ni mwandishi aliyeibeba riwaya hiyo kwa nusu ya maisha yake, akaiandika mara mbili katika lugha mbili. Muda ambao mwandishi mwingine angeutumia kuandika kitabu cha pili, cha tatu na cha nne, yeye aliutumia kukingoja cha kwanza. Isitoshe, Kiswahili chake hakiwezi kueleweka nje ya historia hiyo. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba sentensi zake ni nzito na kwamba maelezo ya mila hukatiza hadithi. Mimi huwajibu kwamba wanasikia Kikerewe kikizungumza ndani ya Kiswahili, na kwamba mwandishi aliyekusudia kuokoa ulimwengu mzima katika kitabu kimoja hawezi kukata maelezo.

Kwa msomaji wa Kakamega jambo hili si geni. Hapa karibu kila anayeandika Kiswahili amekifikia akitokea Kiisukha, Kiidakho, Kilogooli au lugha nyingine ya jirani. Bila shaka wapo wazee walioandika katika madaftari mambo ambayo hakuna shirika lililoyataka. Kisa cha Kitereza kinatuonya kwamba kati ya daftari na kitabu panaweza kupita maisha ya mtu.

Soko na mipaka: Kareithi na Balisidya

Uhuru ulileta wachapishaji wa nyumbani. East African Publishing House ilianzishwa Nairobi mwaka 1965, na mwaka 1969 ikatoa Kaburi bila Msalaba cha Peter Munuhe Kareithi, miongoni mwa riwaya za mwanzo za Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau. Kitabu kilisomwa sana shuleni, na jina la Kareithi hadi leo hukumbukwa kwa riwaya hiyo. Lakini shirika lililoitoa liliporomoka katika miaka ya 1980. Shirika la uchapishaji likianguka, huanguka na mhariri anayemjua mwandishi, hifadhi ya miswada na mkataba wa kuchapa upya. Mwandishi wa vitabu kumi huwa na wachapishaji watatu au wanne, naye huweza kunusurika. Mwandishi wa kitabu kimoja huzama na jahazi lake.

Shida cha Ndyanao Balisidya kilichapishwa na Foundation Books mwaka 1975. Mwandishi alikuwa Mtanzania, mhadhiri na mtafiti wa fasihi simulizi, na miongoni mwa wanawake wa kwanza kuandika riwaya kwa Kiswahili. Riwaya inamfuata Chonya, kijana anayetoka kijijini kwenda mjini kutafuta maisha, na inaonyesha jinsi mji unavyompokea mtu asiye na kitu. Mchapishaji alikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka kati ya Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Kitabu kuhusu shida za kijana wa Tanzania, kilichoandikwa na Mtanzania katika miaka ya Ujamaa, kikajikuta ng'ambo ya mpaka uliofungwa, mikononi mwa wasomaji ambao sera iliyokizaa haikuwa yao. Tunaposema riwaya hii haikupata mjadala uliostahili, tusitafute sababu katika fani yake kabla ya kuitazama ramani.

Linganisha na kisa cha karibu nasi. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, alitoa Siku Njema mwaka 1996. Riwaya hiyo iliteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari za Kenya, na mwandishi akaendelea kutoa riwaya, hadithi fupi na tamthilia hadi alipofariki mwaka 2020. Kipaji chake hakina shaka. Hata hivyo, kipaji hicho kilikutana na mchapishaji aliyesimama imara na mtalaa uliohitaji riwaya. Hebu tuiondoe teuzi hiyo moja, kisha tujiulize kama jina lake lisingekuwa leo ndani ya mabano pamoja na la Kareithi.

Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba makala haya yanawahurumia waandishi kupita kiasi. Wapo waliokuwa na jambo moja la kusema, wakalisema, wakanyamaza kwa hiari. Pingamizi hili lina uzito, na hatusemi kwamba kila kimya ni dhuluma. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa miaka mitatu, hadi mwaka 1972, kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 yakiwa Sauti ya Dhiki, diwani iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ingawa utenzi wake juu ya Adamu na Hawaa ulikwisha kutoka mwaka 1971, jina lake la ushairi limejengwa juu ya diwani hiyo moja. Miaka mingi iliyofuata aliishi ughaibuni, akitangaza, akihariri na kufundisha. Hakuna anayethubutu kumwita mshairi aliyeishiwa. Kwa nini? Kwa sababu tunaijua historia yake, nayo hutufundisha namna ya kukisoma kimya chake. Ninaloomba ni kwamba heshima hiyohiyo wapewe na wale ambao historia yao hatujajitaabisha kuitafuta.

Hitimisho

Tumeona sababu nne tofauti za upweke wa kitabu: uhifadhi wa miswada, idhini ya taasisi, lugha isiyo na soko, na wachapishaji na mipaka isiyodumu. Hakuna hata moja inayotokana na upungufu wa mwandishi. Kwa hiyo mhakiki anayekutana na kitabu cha pekee anapaswa, pamoja na maswali ya kawaida ya fani na maudhui, kuuliza matatu zaidi: nani alikihifadhi, nani alikiruhusu, na nani alinyimwa nafasi ya kukisoma? Majibu ya maswali hayo yanatosha kubeba tasnifu, tena tasnifu ambayo mwandishi wa vitabu ishirini hawezi kuitoa kwa urahisi.

Pendekezo la makala haya basi ni dogo na linatekelezeka. Idara zetu zikubali kazi moja kuwa msingi halali wa utafiti wa uzamili, pale mtafiti anapoihakiki pamoja na historia ya kuchapwa na kupotea kwake. Maktaba zetu zitafute nakala za vitabu hivi sasa, maana havichapwi tena mara kwa mara na karatasi za miaka ya 1960 na 1970 zinakatika. Nakala ya Shida niliyo nayo haina jalada. Wanafunzi huipokezana, na kila inaporudi huwa imepungua kidogo. Mwaka huu mwanafunzi mwingine ameiazima, akaniuliza kama inawezekana kuandika juu ya kitabu hicho peke yake. Safari hii nimemjibu kwamba inawezekana, na kwamba nitakuwapo mezani siku ya kutetea pendekezo lake.